Waridi la Upande wa Jua

Kasenga, Uvira, 2 Septemba 2001

Shangazi Pudentienne,

Zimeota. Nilitaka kuanza na salamu jinsi ulivyotufundisha darasani, lakini kalamu imekataa, kwa hiyo salamu zitakuja chini.

Mbegu zako zimeota, Shangazi. Ile chupa ya jemu yenye mchanga mbichi uliyoiacha ndani ya frigo ya chanjo ili baridi iziamshe, pale kituo cha afya, niliichukua baada ya wewe kukimbia. Muuguzi ndiye aliyeniita. Alisema, "Ondoa hicho kintu chako, petroli imekwisha, frigo iko moto sawa chungu." Nikazipanda ndani ya makopo ya maziwa niliyoyatoboa chini kwa msumari. Nyingi zilioza. Tatu zikachipua. Moja ililiwa na konokono. Nyingine ilikauka wakati tulipokuwa tukilala chini ya vitanda kwa sababu ya risasi, sikuweza kutoka kuimwagilia. Imebaki moja. Ni ndogo kuliko kidole changu cha mwisho, lakini majani yake yana meno pembeni kabisa kama waridi. Nimeiweka kando ya ukuta wa jikoni, upande wa ziwa, mahali jua linapofika kwanza.

Mama aliyaona makopo akasema, "Maziwa tumesahau ladha yake, sasa tunafuga makopo?" Unajua mimi, jibu zuri hunijia kesho yake.

Nimeingia mwaka wa tano wa sekondari, tawi la Biochimie. Mwalimu aliyechukua nafasi yako anasoma kitabu kwa sauti, sisi tunanakili. Wanajeshi hawajarudi shuleni kuuliza jina lako, nadhani wamejua umevuka ziwa.

Barua hii inakuja na Mama Domitille, yule anayeuza samaki wadogo wa ndagala na vitenge kati ya hapa na Kigoma. Mama anakusalimia. Ukweli ni kwamba hakusema, lakini ningemuuliza angesema.

Mtoto wa kaka yako,
Laure


Kambi ya Lugufu, Kigoma, 30 Septemba 2001

Laure binti yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama kwenye foleni ya maji. Nikasahau kusogea, watu wakanipita, na mama mmoja akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimezaliwa.

Sasa nisikilize, maana sikukueleza vizuri mambo haya tulipokuwa pamoja. Nilipokuwa mwalimu kijana huko Bwegera, nyuma ya nyumba ya masista wa misheni palikuwa na mwaridi mmoja wa zamani. Maua yake yalifunguka njano. Yakikaa yakawa na haya usoni, pinki, na mwisho yakawa mekundu kabisa. Kichaka kimoja, rangi tatu, yote kwa wakati mmoja. Wakulima wakienda kwenye mpunga walikuwa wanasimama kuutazama. Lakini ulikuwa dhaifu. Joto la uwanda liliuchoma, majani yakapata madoa meusi, haukuwa hata na harufu. Vita vilipopita kule mwaka wa 1996 nyumba iliteketea, nikaokoa kijiti kimoja, nikakileta Kasenga. Kiliishi kama mgonjwa.

Ndipo nikapata wazo. Waridi jekundu la nyanya yako, lile linalopanda ukutani, haliogopi jua wala mbuzi, na linanukia hadi barabarani. Nikachukua ua la misheni kabla halijafunguka, nikatoa nyuzi zake za kiume moja moja, nikalipaka chavua ya ua la nyanya yako kwa brashi, nikalifunga kwa mfuko wa karatasi ili nyuki wasinichanganyie. Walimu wenzangu walicheka hadi machozi: "Pudentienne anaozesha maua, tutapika nini siku ya arusi?" Tunda moja tu ndilo lililoshika. Kiangazi kile kijiti cha misheni kikafa. Kwa hiyo hicho ulicho nacho kwenye kopo ndicho pekee, hakina ndugu.

Hapa watu wa ofisi wanaandika majina ya wanaotaka kupelekwa kuishi Kanada. Jirani zangu wote wamejiandikisha. Mimi nimesema ningoje kidogo, wananiuliza unangoja nini, ninaona aibu kusema ninangoja ua. Lakini ndivyo ilivyo. Kama litabadili rangi nitarudi, vita viishe visiishe, maana kazi ya namna hii ni ya miaka na haiendi kwa barua. Kama ni njano tu au jekundu tu, basi, huko Uvira sina kitu tena. Kaka yangu hata kaburi hana.

Maua ya kwanza yasikatwe. Yaache kwenye mti hadi yaanguke yenyewe, uniambie rangi.

Msalimie wifi yangu, hata kama hajauliza.

Shangazi yako,
Pudentienne


Kasenga, 10 Februari 2002

Shangazi,

Mbuzi wa jirani aliula mwaridi mwezi wa kumi na moja, ukabaki kama kijiti cha kiberiti. Sikukuandikia kwa sababu niliogopa. Sasa umechipua tena kutoka chini, na nguvu kuliko mwanzo. Nimeuzungushia miiba na vipande vya bati. Belyse wa darasani kwetu alikuja kuazima kamusi akaniona nimepiga magoti pale. Akasema, "Weye Laure, vijana wote wa Kasenga hawa, unaolewa na roza?" Amewaambia wengine. Sasa nikipita wananusanusa hewa.

Jana niliona kichwa kidogo cha kijani katikati ya majani. Ni ua, Shangazi. Niliguswa hadi sikuweza kula.

Jambo jingine. Wamama wa parokia wanapeana zamu kupamba altari. Lakini bustani zote zimegeuzwa mboga za lengalenga na mihogo, maua hakuna, wengine wanapeleka matawi tu. Mama amechukua Jumamosi zote. Anasema ni kwa ajili ya Baba. Kwa kuwa hatujui walimlaza wapi mwaka ule walipomchukua njiani, anasema mahali pa kumwekea ua ni pale mbele tu. Nakuambia tu ili ujue habari za nyumbani.

Uliandika kwamba huku huna kitu tena. Nimesoma sentensi ile mara nyingi. Labda ulikuwa umechoka na foleni.

Laure


Kasenga, 21 Aprili 2002

Shangazi mpendwa,

Yamechanua. Ni njano. Njano kama mawese yakianza kuganda, katikati yamekolea zaidi. Yanafunguka yakiwa na petali chache, na harufu ni ya lile waridi la nyanya yangu kabisa.

Nimeyaangalia hadi petali zikaanguka. Yalikuwa njano hadi mwisho. Nasikitika sana. Labda mti ungali mchanga. Katika kitabu nimesoma kwamba mimea mingine haionyeshi tabia yake mapema.

Mimi na Mama tu wazima. Bei ya unga imepanda tena.

Laure


(Karatasi hii sitaituma.)

Kasenga, 21 Aprili, jioni

Shangazi, sikukudanganya, lakini sikusema yote.

Jumamosi ile nilirudi kutoka mtoni na ndoo, nikamkuta Mama ana kisu mkononi na maua yote matatu ndani ya bakuli. Yalikuwa yamefunguka asubuhi ile ile. Alikuwa anaimba. Tangu Baba achukuliwe sijamsikia akiimba nje ya kanisa. Akaniambia, "Ona, mwishowe Octave amepata maua ya kweli." Nilifungua mdomo, Shangazi. Nikaufunga.

Nilikwenda kanisani kila siku baada ya masomo kuyatazama kwenye chombo cha maua, hadi petali zikaanguka kwenye kitambaa cha altari. Kwa hiyo ni kweli kwamba niliyaangalia hadi mwisho. Njano niliyokuandikia ni njano niliyoiona. Nadhani ua ni ua, liwe kwenye mti au kwenye maji, rangi yake imo ndani yake. Kwa hiyo si uongo.

Lakini uliniambia yasikatwe, nami sikuweza kumwambia hivyo mtu anayeimba.


Lugufu, 26 Mei 2002

Laure yangu,

Njano. Haya. Nilikwenda kutembea hadi mwisho wa kambi nikarudi, nikaenda tena. Hapa kutembea hakuna maana, ukifika mwisho unakutana na mwanzo.

Ulifanya ulivyoweza. Niambie kitu kimoja: ulikuwa na uhakika yalikaa muda wa kutosha? Lile la misheni lilihitaji siku mbili tatu. Tusikate tamaa kwa maua ya kwanza. Ngoja mzunguko mwingine, halafu mwingine. Uutilie majivu ya jikoni na samadi ya yule mbuzi, angalau alipe alichokula.

Ofisi wameniita tena. Nimesema ningoje. Kijana anayeandika majina alinitazama akasema, "Mwalimu, ndege haingoji kama darasa." Nilicheka, lakini usiku sikucheka.

Sentensi ile uliyoisoma mara nyingi, na mimi nimeikumbuka. Mtu akiwa mbali huandika ovyo.

Pudentienne


Kasenga, 14 Julai 2002

Shangazi,

Yamechanua mara mbili tangu uandike. Mengi, hata kumi kwa mara moja. Yote njano. Yalikaa siku tano, mengine sita. Nimeyatazama kila siku.

Mti wenyewe una nguvu sana, unanifika kiunoni, hakuna hata doa jeusi moja. Kiangazi hiki chote haujanyauka. Labda hilo nalo ni kitu.

Kila nikianza kuandika jambo jingine nalifuta. Samahani kwa karatasi hii chafu.

Laure


Lugufu, 8 Septemba 2002

Binti yangu,

Basi imekwisha. Mara tatu zinatosha kwa mtu yeyote aliyesoma. Nilichanganya vizuri, nilifunga vizuri, ila rangi ya misheni haikupita. Imekufa na kile kijiti. Nimetengeneza ua la njano linalonukia. Duniani yamo mengi.

Ung'oe mti. Nasema hivi bila hasira. Mahali pale ndipo penye jua zuri kuliko kote katika kiwanja chenu, na ninyi mnanunua lengalenga sokoni. Panda chakula. Mwambie mama yako nimesema mimi, atafurahi kwamba safari hii tumekubaliana.

Nimeandikisha jina langu. Wananiita kwa mahojiano mwezi ujao, na wakikubali, msafara ni mwisho wa Novemba. Utasoma hadi umalize, utafaulu mtihani wa Serikali, utanitumia barua yenye stempu za kweli.

Usilie kwenye karatasi, wino hautulii.

Shangazi yako,
Pudentienne


Lugufu, 18 Oktoba 2002

Laure,

Redio inasema wapiganaji wa porini wameshuka na kuingia Uvira, na wengine wanasema mji unapigwa kutoka kila upande. Mama Domitille yuko hapa Kigoma amekwama, hakuna bwato linalothubutu kuvuka ziwa. Nampa barua hii akae nayo, atakayeona njia kwanza aichukue.

Sitaki habari za ua. Sitaki habari za shule. Niandikie neno moja tu, "tupo".

Nimekwenda kwenye mahojiano nikiwa sijalala. Waliniuliza kama nina jamaa wa karibu nyumbani. Nikasema nina mke wa marehemu kaka yangu na mtoto mmoja wa kike, mwenye haya sana. Yule bwana akauliza, "Mwenye haya, ndiyo ugonjwa gani?"

Wamenikubali. Ni tarehe 28 Novemba.

Andika.

P.


Kasenga, 22 Oktoba 2002

Shangazi,

Tupo. Mimi nipo, Mama yupo. Nyumba ina matundu mawili kwenye bati, basi.

Barua yako ya kuniambia ning'oe ilifika mwezi uliopita. Sikung'oa. Kila asubuhi nilichukua jembe nikaliegemeza ukutani, jioni nikalirudisha. Halafu vita vikaja, na sasa lazima nikueleze vizuri, kwa utaratibu, usikimbilie mwisho.

Walipoingia tulifunga mlango, tukakaa. Hakuna shule, hakuna soko, hakuna misa. Jumamosi ya kwanza Mama hakwenda popote na kisu chake. Maji ya kunywa tuliteka usiku kwa zamu na jirani. Mimi nilikuwa nimelala jikoni, chini, na kwenye ukuta wa jikoni kuna tundu ambapo udongo umeanguka. Kupitia tundu lile ninaona mwaridi, na nyuma yake ziwa. Yalikuwa yamechanua siku ile ile milio ilipoanza. Njano, kama kawaida. Sikuyajali.

Siku ya pili nilidhani ni macho yangu, kwa sababu ya kutolala. Upande unaotazama ziwa ulikuwa umekuwa kama shavu la mtoto aliyepigwa na baridi. Kesho yake ulikuwa pinki. Nilimwita Mama kwa sauti ndogo, akasema, "Weye lala chini, unataka risasi ikuone?" Kesho yake tena yalikuwa mekundu, Shangazi. Mekundu kama lile la nyanya yangu. Na kando yake mengine yamefunguka upya, ya njano, na katikati yale ya pinki. Rangi zote tatu kwenye mti mmoja, huku mji unalia.

Sasa sikiliza jambo nililoliona milio ilipopungua nikatoka kwa magoti. Ua moja lilikuwa na jani limelala juu ya petali yake. Nikaliondoa. Chini yake palikuwa njano, na umbo lilikuwa la jani lile lile, na meno yake yote pembeni, na kuzunguka pote pakawa pekundu. Kama picha. Na upande wa maua unaotazama ukuta ulikuwa ungali njano. Nilikaa pale nikaelewa, nikataka kuingia ardhini. Ni jua. Rangi haimo ndani ikajitokeza yenyewe, jua ndilo linaloipika. Pasipo jua linabaki njano hadi kufa.

Na yale maua yote niliyokuandikia habari zake yalikufa ndani ya kanisa, Shangazi. Kwenye altari. Unajua kanisa letu, madirisha madogo, mchana wanawasha mshumaa ili kusoma. Mama aliyakata kila Jumamosi tangu yale ya kwanza, yakiwa mapya, pamoja na vichwa vilivyokaribia kufunguka, kwa ajili ya Baba. Nimeweka humu ndani karatasi ya mwezi wa nne niliyoandika nikaificha. Isome, itakuambia kuliko ninavyoweza kurudia.

Bado sijamaliza. Jumamosi hii milio ilikuwa imenyamaza tangu alfajiri. Mama akatoka na bakuli na kisu, akainama. Nikasema, "Mama, hapana kata." Ilitoka kubwa. Hata kuku wa jirani alikimbia.

Akageuka. "Weye unanikataza minye?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni ya baba yako."

"Najua. Lakini Shangazi anakwenda Kanada kwa sababu yangu."

Nikamweleza yote, misheni ya Bwegera, brashi, majina ya Kanada, kila kitu, nikiwa nimesimama, na sijawahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake kwa mara moja. Nilipomaliza alikuwa amekaa chini kwenye udongo na bakuli tupu magotini. Akaniuliza, "Juu ya nini haukusema siku ya kwanza?" Nikamwambia, kwa sababu ulikuwa unaimba.

Alikaa pale hadi jua likaingia nyuma ya mlima.

Nimefunga petali ile yenye umbo la jani ndani ya karatasi ya daftari. Sijui kama itafika na rangi yake. Bwato hakuna bado. Nakwenda kila siku bandarini kuuliza, wananifukuza, narudi. Jana nimekutana na kijana wa Mama Domitille anayepitia Bujumbura. Nitampa huyo.

Tarehe yako, na lile neno moja ulilotaka, nimeyasikia kutoka kwake kwa mdomo, barua yako yenyewe imebaki kwa Mama Domitille. Sijui utasoma hii kabla ya kuondoka au hutaisoma kamwe. Kama utaisoma Kanada, basi ujue tu kwamba ulichanganya vizuri.

Laure


Kasenga, 3 Novemba 2002

Kwa wifi yangu Pudentienne,

Minye ni Ernestine. Haujazoea kuona maandiko yangu na minye sijazoea kuandika, utanisamehe.

Mtoto amekwisha kukuambia. Minye ndiye nilikata. Hakuna mutu alinituma. Nilijua ule mti ni wako na nilikata hivyo hivyo, juu ulikimbia ukatuacha, nikasema moyoni, aliyekimbia hana ua hapa. Nakuambia ili usimkasirikie huyu mutoto. Yeye iko na woga tu. Kumbe woga wake ulikwisha siku ile, alinipigia kelele sawa préfet, mukubwa wa shule.

Roza yako nimeiona. Ni kigeugeu sawa weye, asubuhi hivi, kesho vile. Lakini ni nzuri. Octave angeipenda, angeita watu barabarani.

Sasa sikia neno langu. Tangu siku ile sijakata. Jumamosi mbili altari iko tupu, kitambaa cheupe tu. Padri aliniuliza, "Mama Ernestine, maua ya mzee yako wapi?" Nikamujibu yako kwenye mti, yanangoja mwenyewe. Wamama wa parokia wananisema nyuma. Waseme. Minye sikati hata moja mpaka ufike uone kwa macho yako, hata ikiwa Noeli, hata ikiwa Pasaka. Octave alikuwa mvumilivu kuliko sisi wote, atangoja.

Ukienda Kanada, basi altari itakaa hivyo. Hiyo ni shauri yako na Mungu.

Chumba chako kiko. Nimetoa mahindi.

Ernestine


Kigoma, bandarini, 27 Novemba 2002

Laure,

Barua zenu mbili zilinifikia pamoja, juzi, mkononi mwa kijana wa Domitille, zimelowa pembeni. Petali imekuwa kahawia yote, hakuna njano wala nyekundu. Lakini umbo la jani linaonekana bado, limekolea kidogo kuliko sehemu nyingine. Nimelionyesha jirani zangu, wakasema ni uchafu.

Nimefuta jina. Yule kijana wa ofisi aliniuliza mara mbili kama nina akili timamu, nikamwambia aandike hivyo hivyo, "amerudi kwa mambo ya familia". Nilikuwa nimesema nitarudi kwa ajili ya ua. Njiani nikagundua kwamba tangu Oktoba sijaota ua hata mara moja, naota mtu anayepiga magoti kando ya makopo. Kwa hiyo kijana ameandika ukweli.

Kijana anatangulia na barua hii, mimi sijui njia iko namna gani. Domitille anasema tutapita pwani ya Burundi, tuvuke kule juu wakituachia. Anaweza kukosea. Usije bandarini, usisimame barabarani, nitafika nikifika.

Usijali kwamba ulikaa kimya. Mimi niliyejiita mwalimu nilisoma barua yako ya mwezi wa pili, iliyosema Jumamosi zote na altari, na sikuuliza maua yanatoka wapi.

Mwambie mama yako akate. Mwambie ni mimi ninayesema, dada yake Octave, na aningoje Jumamosi hii moja tu, inayofuata asiipitishe. Akate mekundu kwanza, yaliyokwisha kupata jua lao, ili kaka yangu naye ayaone yalivyo.

Aache moja la njano, lile la upande wa ziwa.

Pudentienne